Daftari letu la seti za tenisi Goma: bei ya seti, bei ya mechi, na mahali nilipoliwa

Kijana wa Himbi (mleta uzi), Goma

Wandugu, nilishaahidi mara mbili kueleza lile daftari letu la seti za tenisi, na mara zote mbili nikakwepa, maana kulieleza ni kueleza pia nilivyoliwa. Sasa US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya New York, inaanza Jumapili hii, tarehe 24 Agosti 2025, na watu wananisimamisha njiani kuuliza kama tutafungua tena. Basi kaeni.

Ilianza na Roland Garros ya mwaka huu, yale mashindano ya Paris. Wakati wa kiangazi saa ya Paris ni sawa na saa yetu ya Goma, kwa hiyo hakuna kukesha. Tuko watu saba au nane, tunakusanyika kwenye duka la dada mmoja hapa Himbi anayeuza unités (vocha) za simu na kuchajia watu. Ana sola, ana skrini, ana uvumilivu wa kelele zetu. Mmoja wetu alikuwa amesoma habari za masoko ya utabiri ya Marekani, kina Kalshi na Polymarket. Akatueleza kwamba kule hushindani na kampuni kama kwenye kubeti. Kuna swali, tuseme kuhusu Sinner, mchezaji wa Italia: "Je, Sinner atashinda seti ya kwanza?", na kuna mkataba unaolipa dola moja jibu likiwa ndiyo, na sifuri likiwa hapana. Ukiuzwa senti 71, ina maana watu wa soko wanampa nafasi ya kama asilimia 71. Anayenunua na anayeuza ni watu kama mimi na wewe, kampuni inakula ada yake pembeni. Na huhitaji kungoja mwisho: ulinunua 71, bei imepanda 85, unauza, unaenda kwako, mechi iendelee bila wewe.

Kampuni hizo zina orodha za nchi ambazo wakazi wake hawaruhusiwi kuweka oda, na sisi hatukutaka mambo ya kujificha mtandaoni. Tukanunua daftari. Tikiti moja inalipa faranga 1000. Anayemtaka Sinner anaweka 710, anayemtaka mpinzani anaweka 290, ile 1000 inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, mwenye tikiti iliyoshinda anaichukua. Kwa kuwa chenji ndogo haipatikani, tunaandika, tunahesabiana jioni. Kikomo tikiti tano kwa mtu kwa kila swali. Ni hela ya soda. Lakini hela ya soda ikikutoka mara kumi kwa siku utaijua.

Kwa nini seti? Mechi ni ya seti kadhaa, na seti ni ya gemu, kwa kawaida anayefikisha sita kwanza anaichukua. Mechi ya wanaume kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka, inaweza kula saa nne. Seti mara nyingi inaisha ndani ya saa moja, mtu analipwa, anaenda kununua samaki sambaza wa jioni. Na kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatukuliona mwanzoni: bei ya seti siyo bei ya mechi. Mtu anaona mchezaji ni 800 kwenye mechi, anasema basi hata seti ya kwanza nitoe 800. Hapana! Mchezaji mkali analindwa na urefu wa mechi. Akiteleza seti moja ana nafasi ya kurekebisha, ila ndani ya seti moja mnyonge naye ana pumzi yake. Tukichukulia nafasi ni ileile kila seti, 800 ya mechi ya kutafuta seti mbili (wa kwanza kuzifikisha anashinda) inatokana na kama 710 ya seti moja. Kwenye mechi ya kutafuta seti tatu, inatokana na kama 670 tu. Kwa siku tatu za kwanza kuna watu walininunulia mkate bila kujua, wakitoa 800 kwa kitu cha 670. Sikuwaambia. Leo nawaambia.

Dhambi zikanirudia Wimbledon, mashindano ya London, wiki ya kwanza. Ilikuwa mechi ya raundi za mwanzo, wachezaji wasio na jina kubwa, seti ya kwanza, gemu 4-4. Niliandika kwenye daftari: "Nanunua huyu anayeanzisha mpira, 600, tikiti tano, aje atakayekuja." Nikatoka kidogo kumsaidia mtu kusukuma pikipiki iliyogoma. Narudi, oda yangu imeshachukuliwa yote. Nikafurahi! Nikatazama skrini, jamaa bado anadunda mpira, 30-40, imebaki pointi moja apoteze gemu. Dakika hiyohiyo akapoteza gemu, 5-4 kwa mwenzake, seti ikaenda. Elfu tatu.

Aliyechukua oda alikuwa amekaa kwenye kona na simu, akitazama programu ya matokeo. Picha yetu inakuja kwa intaneti na inachelewa. Mwamuzi wa kiti anabonyeza pointi kwenye tableti yake mara tu mpira unapokufa, na namba zinaruka dunia nzima kabla picha haijafika Himbi. Jioni tulipima: namba ikibadilika kwenye simu yake, tulihesabu polepole hadi kumi na nne ndipo skrini ikaonyesha pointi yenyewe. Kwa hiyo mimi nilikuwa nanunua mchezo uliokwisha.

Wanaobadilisha dola pale Petite Barrière, mpakani na Rwanda, wanalijua hili bila kompyuta. Ukimtajia mtu bei akakubali haraka, bila hata kulalamika, moyo unashtuka: huyu amesikia nini ambacho mimi sijasikia? Oda inayokaa kitabuni peke yake ni hivyo hivyo. Ukiwa sahihi hakuna anayeigusa. Ukikosea, inachukuliwa kabla hujafumba jicho.

Ulizeni mtakalo. Fainali ya Roland Garros nitaisimulia chini, ndiyo tamu.

Kamalondo Damu, Lubumbashi

Yaya, pole na elfu tatu yako, lakini miye naona ni kamari tu, muipake rangi gani. Sisi huku tunaangaliaka Mazembe, mtu analia bure bila kulipa. Na hiyo tenisi, kwa Goma nani anaicheza?

Kijana wa Himbi

Mkubwa, kamari ni kamari, sikatai, ndiyo maana kikomo ni tikiti tano na mwanafunzi haandikwi. Tofauti ninayoiona ni moja: kwa wale wa kubeti, bei anapanga mwenye duka na faida yake imo ndani tayari. Kwenye daftari bei tunapanga sisi, na 710 na 290 zinajumlisha 1000 kamili, hakuna wa kumega. Sasa kuhusu nani anacheza tenisi Goma, hilo nakuachia. Wewe ulicheza na Inter 2010?

Kamalondo Damu

Fainali ya dunia ya vilabu, ndiyo. Tulikuwa pale. 3-0 tusiiongelee.

Mtoto wa Kadutu, Bukavu

Nasoma hesabu, niruhusuni kidogo. Hizo namba za mleta uzi ziko sawa. Kama nafasi ya seti ni p, nafasi ya kushinda mechi ya seti mbili ni p mara p mara (3 toa 2p). Weka 0.71, utapata kama 0.80.

Lakini faida halisi ya hesabu hii iko baada ya seti ya kwanza. Yule wa 800 akishinda seti ya kwanza, bei yake ya mechi inapaswa kwenda kama 920. Akiipoteza, inashuka hadi 510 hivi, kwa sababu sasa lazima ashinde mbili mfululizo. Ukiona wenzio wamemshusha hadi 400 kwa hasira, nunua. Ukiona bado wanamshikilia 650 kwa sababu ya jina, uza.

Swali gumu ni kama seti ya kwanza inabadilisha ya pili. Klaassen na Magnus walichapisha kazi yao mwaka 2001, walichambua karibu pointi 90,000 za Wimbledon, wakakuta kwamba pointi haziko huru kabisa: aliyeshinda pointi iliyopita ana kanafasi kadogo zaidi kwenye inayofuata. Ila tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukihesabu kana kwamba ziko huru hupotei mbali. Watu wa mtaani wanaamini upepo, yaani anayeshinda ataendelea kushinda, kuliko unavyovuma.

Kijana wa Himbi

Mtoto wa Kadutu, na ile fainali ya wanawake Wimbledon mwaka huu? Swiatek na Anisimova, 6-0, 6-0, dakika 57. Huo siyo upepo?

Mtoto wa Kadutu

Huo ni upepo, sawa. Lakini unakumbuka huo mmoja kwa sababu ni wa ajabu. Nikupe wa upande mwingine: fainali ya Wimbledon 2019. Federer alishinda pointi 218, Djokovic 204. Federer alichukua seti moja 6-1 na nyingine 6-4. Djokovic akachukua tatu zote kwa taibreka, ile gemu ya kuamua seti wakiwa sare, akabeba kombe. Kwenye daftari lako, ile 6-1 ya Federer ingelipa 1000, na 7-6 ya Djokovic nayo ingelipa 1000. Pointi za ziada huwezi kuzihamishia seti nyingine. Anayeuza na kununua seti akilisahau hilo, atampenda anayecheza vizuri na kumwacha anayeshinda.

Mpita Njia wa Katindo, Goma

Mimi nilikuwepo siku ya Dimitrov. Mleta uzi umeiruka kwa makusudi. Eleza.

Kijana wa Himbi

Haya. Wimbledon, raundi ya nne, tarehe 7 Julai. Dimitrov anaongoza Sinner 6-3, 7-5, na seti ya tatu ni 2-2. Anaanzisha mpira, anashika kifua, anaanguka. Msuli wa kifua umechanika. Analia, Sinner anambebea mifuko. Mechi imekwisha, Sinner anasonga mbele.

Sasa daftari. Seti ya kwanza na ya pili zilishalipwa kwa waliomtaka Dimitrov, hakuna neno. Mechi ikaenda kwa Sinner. Na seti ya tatu? Nilikuwa nimeandika "Seti ya 3: Sinner 620, Dimitrov 380." Wa Sinner wakasema mtu wetu ameendelea, tulipeni. Wa Dimitrov wakasema seti haikuisha, hakuna aliyeishinda, rudisheni pesa. Mmoja akaja na hoja ya tatu: kama swali lingekuwa "Je, Sinner atashinda seti ya 3?", jibu ni hapana, kwa hiyo upande wa pili ungelipwa 1000 kamili! Na kweli, maneno yale yale matatu au manne ndiyo yanayoamua. Kelele zilifika barabarani.

Mnaijua dola yenye mkwaruzo mdogo pembeni? Ni dola, ina sura ya rais, Marekani inanunua mkate, lakini sokoni Birere nani anaipokea? Tikiti yangu ya seti ya tatu ilikuwa hivyo. Tulirudishiana pesa, kila mtu kwa bei aliyoingilia, na aliyekuwa amenunua kwa 620 kutoka kwa mtu wa kati aliyenunua kwa 550 bado ananidai maelezo ya hiyo 70 hadi leo. Siku hizi kila ukurasa unaanza na mstari: seti isiyomalizika, pesa inarudi kwa bei ya mwisho iliyouzwa kabla mchezo haujasimama. Kwenye masoko makubwa nako, soma kanuni ya kulipa kabla ya kusoma jina la mchezaji. Kila mahali wana namna yao ya kushughulikia mchezaji anayejitoa.

Mpita Njia wa Katindo

Hapo umesema kweli. 380 yangu nilirudishiwa.

Kamalondo Damu

Swali la kweli sasa. Kwa nini msichukue mashindano madogo, yanachezwa kila wiki? Mnangoja Grand Slam nne tu mwaka mzima?

Kijana wa Himbi

Madogo hatugusi. Kuna mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, ambayo zawadi ya wachezaji wote kwa pamoja ni dola 15,000. Gawanya kwa watu zaidi ya thelathini, toa tiketi ya ndege na hoteli. Mtu akimwambia kijana wa namba 600 duniani "tupe seti ya kwanza tu, halafu shinda mechi yako", kijana hapotezi chochote kwenye rekodi yake. Seti ndiyo kitu rahisi kuuza kwa siri. Tenisi ina shirika zima la kuwafuatilia, ITIA, lilianza kazi 2021 kuchukua nafasi ya kitengo kilichoundwa 2008, na linafungia watu.

Hata juu huko bei imewahi kufanya maajabu. Sopot, Poland, Agosti 2007: Davydenko, wa nne duniani wakati huo, alishinda seti ya kwanza 6-2 dhidi ya Vassallo Arguello, na bado pesa kwenye Betfair, soko la kubeti la Uingereza, ikaendelea kumwagika upande wa mpinzani. Akapoteza ya pili, akajitoa kwenye ya tatu kwa maumivu ya mguu. Betfair ilifuta dau zote. ATP, chama cha tenisi ya wanaume, ilichunguza zaidi ya mwaka, haikukuta ushahidi dhidi yake, akasafishwa. Kwangu funzo la daftari ni dogo: mtu akishinda seti na bei yake ikashuka, toa mkono.

Mtoto wa Kadutu

Na ule ujanja wa simu, mliumalizaje?

Kijana wa Himbi

Tulianza na kuficha simu, ikashindikana, duka la unités bila simu ni kanisa bila kengele. Tukaja na sheria moja: kalamu inafanya kazi wakati wachezaji wamekaa tu. Wakibadilishana upande wanapewa sekunde 90, baina ya seti sekunde 120. Hata picha ikichelewa kumi na nne, hakuna pointi inayochezwa, kwa hiyo mwenye simu na mwenye skrini wanajua kitu kilekile. Wachezaji wakisimama, oda zote zinafutwa kwa mstari. Hakuna oda inayolala kitabuni. Masoko makubwa hayawezi kufanya hivyo, yanaenda pointi kwa pointi, ndiyo maana kuna watu wanaokaa uwanjani kabisa wakituma pointi kwa siri kabla hata ya mwamuzi. Melbourne 2014 polisi walimkamata mmoja kwenye Australian Open, kesi ikafutwa baadaye. Sasa wewe na intaneti yako ya Bukavu unashindana na mtu aliyekaa mstari wa tatu.

Mtoto wa Kadutu

Fainali. Uliahidi.

Kijana wa Himbi

Roland Garros, tarehe 8 Juni, saa tisa alasiri, Sinner na Alcaraz wa Hispania. Sinner ameshinda seti ya kwanza 6-4 na ya pili kwa taibreka, Alcaraz amechukua ya tatu 6-4. Seti ya nne: Sinner 5-3, Alcaraz anaanzisha, 0-40. Pointi tatu za ubingwa. Sheria ya kalamu ilikuwa bado haijazaliwa, watu wanapiga kelele bei kama Birere.

Jamaa mmoja wa pikipiki anataka Sinner seti ya nne, anatoa 970. Mimi nilikuwa na tikiti tano za Sinner mechi nilizonunua asubuhi kwa 700, nataka kutoka nazo, nasema 960, nani achukue. Dada mwenye duka, ambaye kutwa nzima hakuwa amecheza, akaweka chini chaja aliyokuwa anaifunga. Akasema: "Nachukua mechi zako tano kwa 960. Na wewe wa pikipiki, naweka 30 yangu, tikiti tano, upande wa Alcaraz seti hii."

Tukacheka. Unanunua wote wawili? Akatutazama kama watoto. "Akishinda seti hii, ameshinda mechi. Akishindwa seti hii, bado ana nyingine. Kubwa inauzwaje bei ya chini kuliko ndogo?"

Hesabuni. Alitoa 4800 na 150, jumla 4950. Sinner akimaliza pale pale, mechi inamlipa 5000. Alcaraz akichukua seti, seti inamlipa 5000, na tikiti za mechi bado ziko mkononi bure. Hakuna mlango wa hasara.

Mnajua kilichofuata. Alcaraz aliokoa zote tatu, akamnyang'anya Sinner gemu aliyokuwa anaanzisha ili amalize, akachukua taibreka 7-3. Jamaa wa pikipiki alipoteza 4850 kutafuta 150. Ya tano ikaenda mpaka taibreka ya pointi kumi, 10-2 Alcaraz, saa tano na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote za Roland Garros. Dada akapata faida ya faranga 50 kamili, daftari linaonyesha.

Dada wa Unités, Goma

Nimeonyeshwa huu uzi na mteja. Kaka, umeandika nusu.

Seti ya tano, Sinner alipoongoza 6-5, wamekaa wanakunywa maji, wewe ulikuwa umekwenda nje kuvuta hewa kwa presha. Yule wa pikipiki alikuwa mlangoni, anatafuta kurudisha hela yake. Nikamuuzia zile tikiti tano za mechi, 550 kila moja, taslimu mkononi. Faida yangu ni 2800, siyo 50.

Kijana wa Himbi

Daftari halina hiyo.

Dada wa Unités

Daftari lako linajua ya ndani. Mlango ni wangu. Na kwa US Open, mechi za usiku zinaanza kwetu saa saba ya usiku. Anayetaka kukaa dukani saa hizo alipie sola.